Siku Mama Aliposimama Barazani

Harufu ya maziwa yaliyofukizwa moshi hunirudisha moja kwa moja kwenye mlango wa jikoni kwetu. Juzi nilikuwa sokoni Garsen, nikapita mbele ya kina mama wa Kiorma waliopanga vibuyu na madumu yao chini ya turubai, na harufu ile ikanifikia kabla sijawaona wenyewe. Nikasimama. Muuzaji mmoja akadhani nataka maziwa, nami nikanunua kwa haya tu, maana kilichonisimamisha ni kumkumbuka Halima.

Halima alikuwa mke wa Galgalo, mfugaji wa Kiorma aliyekuwa na boma lake huko mbugani, mwendo wa saa moja hivi kutoka kijijini kwetu. Sisi tulikuwa Wagiriama, wakulima wa ukingoni mwa mto Tana. Alikuja karibu kila siku, kibuyu ubavuni na mwanawe Guyo mgongoni. Mama alimpa mahindi au ndizi, yeye akammiminia mama maziwa, na kila mmoja alimlaumu mwenzake kwa kumzidishia. Kiswahili cha Halima kilikuwa cha kuungaunga, na cha mama hakikukizidi sana, kwa hiyo pale maneno yalipowaishia walicheka. Nilipokunywa maziwa yale povu likanibaki juu ya mdomo, Halima aliniita "mzee" na kuniamkia kwa heshima zote. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi.

Aliyekuwa akivusha watu mtoni kwa mtumbwi ni mjomba Kahindi, mdogo wake mama. Hawe, yaani nyanya yangu mzaa mama, alimpata Kahindi utu uzimani baada ya kuzika watoto wawili, na mama ndiye aliyemlea mgongoni. Kila mtu alimpenda. Alikuwa na sauti nzuri, na alikuwa akiimba huku akisukuma mtumbwi kwa upondo, akibadilisha maneno ya nyimbo ili kuwatania abiria.

Mwaka ule Tana ilifurika ikameza barabara. Hapakuwa na njia ya kufika Garsen ila kwa mtumbwi, na mtumbwi wa mjomba ulikuwa umezeeka. Upande wa nyuma ulikuwa na ufa ambao kiganja changu kilipita kwa ubapa. Nakumbuka alivyouziba: mama alimshikia kipande cha bati, yeye akapigilia misumari, kisha akapaka lami. Mama alimwambia chombo kile sasa ni cha kuvulia kambare ukingoni, kisipakie watu. Mjomba akacheka, akasema maji yakipungua atachonga kingine.

Siku ya soko watu walijaa ukingoni. Halima alikuwa miongoni mwao, kwa sababu Guyo alikuwa na homa na alitaka kumfikisha hospitalini. Mimi na mama tulikuwa tukiosha vyombo. Mama aliinua kichwa, akaona jinsi walivyokuwa wakipanda, akamwita mjomba kumwambia wamezidi. Mjomba akampungia mkono, akasukuma.

Walipofika katikati, nyuma ya mtumbwi ilianza kushuka taratibu, kama mtu mzima anayeketi chini. Waliokuwa nyuma waliona maji miguuni wakasimama, na waliposimama ukapinduka. Wavuvi walifika upesi wakawaokoa wengi. Mjomba mwenyewe alitoka na wazee wawili wamemng'ang'ania shingoni. Halima hakuonekana. Alipatikana kesho yake kwenye matete, upande wa chini, Guyo bado amefungwa barabara mgongoni. Mimi sikuruhusiwa kwenda kutazama, lakini nilisikia wanawake wakieleza jinsi fundo la nguo iliyomfunga lilivyowashinda kufungua.

Kabla hata Halima na mwanawe hawajazikwa, kijiji kizima kilikuwa na kiboko aliyepindua mtumbwi. Sijui nani aliyekuwa wa kwanza kumtaja. Nilichojua ni kwamba kila mtu alikuwa amemwona akiibuka chini ya mtumbwi, hata wale waliokuwa shambani siku ile. Mtumbwi ulikuwa umechukuliwa na maji, pamoja na bati lake.

Mjomba alikuja jikoni kwetu. Mama alimpakulia sima, na alipoketi akamwambia, "Nenda kwa Galgalo ukamweleze mwenyewe. Mimi nitafuatana nawe."

"Dada, unataka nifungwe?"

"Nataka useme. Usiposema wewe, Kahindi, nitasema mimi."

Aliondoka bila kugusa chakula. Baadaye akaja hawe. Huyo hakugomba, aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa akamkumbusha mama methali aliyotulea nayo sote: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Akaondoka pole pole, akiegemea ukuta. Baba alikuwa akifanya kazi Malindi, na barabara ilikuwa imekatika, hivyo mama hakuwa na mtu mzima wa kushauriana naye. Alikuwa na mimi, nami nilimwomba amwachie tu huyo kiboko lawama.

Mambo yakaharibika zaidi. Huko mbugani vijana wa Kiorma walianza kusema kwamba mtumbwi ulipinduliwa kwa makusudi, kwamba Mgiriama alichagua nani wa kumwokoa. Vijana wetu waliposikia hayo wakaanza kutembea na mapanga mchana. Ndipo chifu akaitisha baraza.

Lilifanyika darasani, kwa kuwa uwanja wa shule ulikuwa tope tupu. Wazee wa pande zote mbili walikalia madawati ya darasa la kwanza, magoti yakiwagonga kidevuni, na siku nyingine ningecheka. Galgalo hakukaa. Alikuwa mtu mwembamba, mrefu, na aliongea kwa sauti ndogo hata ikabidi watu waache kukohoa.

"Mimi sikuja tafuta vita," alisema. "Mimi nataka jua tu. Bibi yangu na mtoto, wamekufa namna gani?"

Mjomba akasimama akasema ni kiboko. Alisema huku akitazama sakafu. Wazee wetu wakaitikia kwa vichwa. Mama alikuwa nyuma pamoja na wanawake, mimi ubavuni mwake, na nilihisi mkono wake ukiniachia.

"Hapakuwa na kiboko," mama alisema. "Mtumbwi ulikuwa na ufa. Mimi ndiye niliyemshikia bati akiuziba. Siku ile niliona watu wamezidi, nikaita mara moja, nikarudi kwenye vyombo vyangu. Na mimi nimo katika jambo hili."

Hawe alijifunika leso uso mzima. Chifu alimuuliza mjomba kama ana la kujibu, na mjomba akaketi. Galgalo alimtazama mama, akachukua fimbo yake akatoka. Hakumshukuru. Wenzake wakamfuata, na vijana wetu nao wakatawanyika na mapanga yao, bila mtu kusema kwa nini.

Askari waliwachukua mama na mjomba. Mama waliandika maneno yake wakamrudisha. Mjomba alifungwa.

Baada ya hapo mama alipofika mtoni, wanawake walimaliza kufua ghafla. Mahindi yetu tuliyapalilia wenyewe. Shuleni niliitwa mtoto wa msaliti, na yule aliyenibatiza jina hilo alikuwa mmoja wa waliookolewa kwenye mtumbwi. Hawe hakumsemesha mama tena. Alipofariki, jamaa walimzuia mama kumwosha mama yake mzazi. Aliketi nje ya ua mpaka maiti ikatolewa. Siku hiyo nilimuuliza kwa hasira alichofaidi.

"Halima naye alikuwa na mama," alisema, na hilo ndilo jibu pekee alilowahi kunipa.

Kila alipopata nauli alikwenda gerezani. Mjomba alikataa kutoka kumwona. Mama alirudi na sabuni ileile aliyokwenda nayo, nasi tukaiogea, na nilifurahi kwa kuwa ilinukia kuliko ya kwetu. Ndivyo watoto tulivyo.

Nilikuwa sekondari mjomba alipoachiliwa. Alishuka garini Garsen, na hakuja nyumbani. Alikwenda kwa miguu mbugani hadi bomani kwa Galgalo. Yaliyosemwa huko tunajua machache aliyotuambia mwenyewe: kwamba alieleza yote, ufa, bati, wito wa dada yake, kwamba Galgalo alimsikiliza bila kumkaribisha kuketi wala kumpa maji, kwamba mwishowe alisema, "Nimesikia. Enda."

Jioni ndipo akafika kwetu. Mama alikuwa akipukuchua mahindi. Mjomba alisimama mlangoni, nywele zimeanza mvi, akamwambia anakotoka.

Mama hakuinuka. Aliuliza jambo moja tu. "Na mtoto, ulimtaja jina?"

"Nilimtaja. Guyo."

Mama alilia huku mahindi yakimwagika mapajani. Tangu baraza lile sikuwa nimemwona akitoa chozi, hata kwa hawe, na nikadhani analia kwa furaha ya kumpata ndugu yake. Mjomba aliketi chini karibu naye, akaanza kuokota punje.

Ilinichukua miaka, na watoto wangu mwenyewe, kuelewa kilio kile. Nilikuwa nimekua nikiamini kwamba mama alimchagua Halima akamtupa Kahindi. Sasa naona kwamba tangu ile sima iliyobaki sahanini alikuwa akimngoja ndugu yake aseme kwa kinywa chake. Maneno aliyoyatoa barazani yalikuwa ya Kahindi. Mama aliyabeba badala yake, akapoteza mama, majirani na jina lake kwa ajili yake, na hakuwa na hakika kama mwenyewe angekuja kuyachukua. Jioni ile alikuwa amekuja.