Mluzi Kwenye Kabichi

Wifi yangu ni fundi cherehani. Bustani ilikuwa ya mumewe, kaka yangu. Alipanda kabichi baridi ilipoingia, akafariki kabla hazijafunga vichwa. Sasa joto limerudi, kabichi zimejaa, nyingine zimeanza kupasuka, na wifi hataki zikatwe.

"Wifi, zitaoza! Hili joto halina adabu."

"Huo ni mkono wake wa mwisho. Niache."

Ungebishana naye? Kichwa jiwe. Na viwavi nao hawakungoja tumalize kulia; walitoboa majani yakawa chekeche. Wifi anawaogopa, akiona mmoja anapanda kiti. Kaka ndiye aliyekuwa akiwabandua alfajiri, akiwatumbukiza kwenye kopo la maji ya sabuni huku akipiga mluzi. Mimi alinicheka tangu utotoni: kwa pengo langu hili la mbele, nikijaribu mluzi unatoka upepo mtupu.

Basi nikaanza kwenda mimi, kimya kimya, kabla ya kufungua genge langu la mboga. Nabandua viwavi, naosha vidukari, kopo naliacha juu ya nguzo ya uzio, kaka alipozoea kuliacha.

Haikupita siku, wifi akanishika mkono. "Kaka yako anakuja, wifi. Kopo liko palepale."

Nikamwacha aamini hivyo. Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilijionea na mimi. Basi ndiyo kabichi hazikuguswa kabisa.

Zikaendelea kupasuka. Asubuhi moja nikasema liwalo na liwe, nikamfuata na visu viwili.

"Wifi, anayekuja ni mimi. Nisamehe."

Alinitazama, akacheka huku machozi yanamtoka. "Nilijua. Hizo kandambili zako na tope lake nisizijue? Nilitaka tu usiache kuja."

Akachukua kisu, akainama, akakata ya kwanza. Alhamdulillahi, nikashusha pumzi. Tukakata mstari mzima, majani mabovu tukiwatupia kuku.

"Lakini hongera," akasema bila kuinua kichwa. "Ule mluzi umeuiga sawasawa. Hata pale anapokatisha akikohoa."

Kisu kikanikwama kwenye shina. Nikafunga mdomo, pengo lisionekane. Nilitamani kukimbia. Lakini kabichi zilikuwa bado nyingi, na jua lilikuwa linapanda.

"Alinifundisha mwenyewe," nikamwambia. "Haya, kata hiyo iliyo mbele yako."