Rosaline Nasambu, Dereva wa Lori la Jeshi

Kuna mtu hapa Kitale ambaye nikimwona barabarani navuka upande wa pili, na si kwa kumwogopa. Anaitwa Kimotho. Ni mwenyekiti wa chama cha wanajeshi wastaafu, tumbo mbele, nishani zimejaa kifuani kama vifungo kwenye kopo la fundi cherehani. Siwezi kusimulia maisha ya nyanya yangu bila kumtaja, na hilo lenyewe linaniudhi.

Nyanya, ambaye sisi kwa Kibukusu tulimwita Kukhu, alizaliwa Matulo, karibu na Webuye. Jina lake Rosaline Nasambu. Mwaka wa 1973, akiwa na miaka ishirini na mmoja, baba yake alikuwa ameshamtafutia mchumba, mzee mmoja wa Misikhu mwenye ng'ombe wengi na meno machache. Kukhu akasikia kwamba jeshi linaandikisha wasichana uwanjani Bungoma. Aliondoka alfajiri kwa miguu, viatu mkononi ili visichafuke. Afisa aliyekuwa pale alimcheka, akamwuliza kama amekuja kutafuta mume.

"Mume niko naye nyumbani," Kukhu alimjibu. "Ndiye ninamtoroka."

Akaandikwa.

Wenzake wengi walipelekwa jikoni, ofisini na kwenye mitambo ya simu. Yeye alitaka lori. Walimkatalia mara mbili. Mara ya tatu mkufunzi alichoka kumsikia, akampandisha kwenye usukani ili amwaibishe mbele ya wanaume. Kukhu hakuwa amewahi kuendesha hata baiskeli. Lori lilizima mara saba, na mara saba wale wanaume wakashika mbavu. Mara ya nane likaenda, ikabidi waruke kando. Kwa miaka minane aliendesha malori kwenda kaskazini, akibeba maji, unga, na wanajeshi ambao kwenye kona walifumba macho kwa sababu dereva ni mwanamke. Hakupindua hata moja.

Mwaka wa 1981 akashika mimba ya mama yangu, akaambiwa arudishe sare. Aliyempa hiyo mimba alikuwa koplo wa kambi hiyo hiyo. Yeye hakurudisha kitu, alipandishwa cheo. Kukhu hakututajia jina lake mpaka anakufa, na mimi sikuuliza. Mtu kama huyo, jina la nini?

Kule Matulo walimpokea kama mzigo ulioharibika njiani. Kaka zake, ambao wakati akiwa jeshini hawakukosa kumwandikia barua za kuomba hiki na kile, walimwonyesha jiko la nyuma alale humo na mtoto. Alivumilia wiki mbili, kisha akahamia Kitale, chumba kimoja karibu na msikiti, mlango ukitazamana na wa Arafa, mwanamke aliyeuza vitambaa. Arafa ndiye aliyekaa na mama yangu wakati Kukhu akiwa safarini. Na safari zilipatikana, kwa sababu mfanyabiashara wa mahindi, Hashim, alimwuliza swali moja tu: "Unajua kurudi rivasi na mzigo?" Akamwonyesha, akapewa ufunguo. Miaka ishirini na mitatu alishusha mahindi kutoka Kitale, kupitia Kamukuywa, mpaka Bungoma mjini.

Mimi nilikulia mikononi mwake. Aliniamsha saa kumi na moja asubuhi nikunje blanketi, na pembe zisipolingana alilikunjua nianze upya. Lakini nilipougua malaria ni yeye aliyenibeba mgongoni hadi hospitalini kwenye mvua, akiwa na miaka hamsini na minane, akimtukana kila dereva aliyetupita bila kusimama.

Mwaka wa 2019, nilipokuwa nimemaliza kidato cha nne, tulisikia chama cha kina Kimotho kinaandikisha wastaafu. Kukhu alivaa gauni lake la kanisani, akatoa cheti chake cha jeshi sandukuni, nikamsindikiza.

Kimotho aliketi mezani. Hakuinua hata kichwa. "Mama, wajane ni laini ile ingine."

"Mimi si mjane wa mtu. Nilikuwa dereva jeshini."

Hapo ndipo alipomtazama, kisha akawatazama wenzake ili wacheke. Wakacheka. Alichukua cheti, akakishika juu chini kwa sababu hakuwa na miwani, akakirudisha. "Lakini nyinyi si mlikuwa tu akina mama wa kusaidia? Ati dereva! Bunduki uliishika, ama ulishika mwiko?"

"Namba yako ya jeshi ni ngapi?" Kukhu alimwuliza.

"Namba?"

"Namba. Mwanajeshi hasahau." Akaitaja yake yote, polepole, kama anamsomea mtoto. Kimotho alianza, akakwama, akaingiza mkono mfukoni kutafuta kitambulisho. Kicheko kikahamia upande wetu. Hata hivyo jina la Kukhu hawakuliandika. Mtu mdogo akiaibishwa hujificha nyuma ya kitabu chake.

Tulipofika nyumbani Kukhu aliketi kitandani na gauni lake lile. "Mjukuu wangu," aliniuliza, "kweli nilikuwa wa kusaidia tu?" Huyo mwanamke sikuwahi kumsikia akimwuliza mtu yeyote swali la namna hiyo. Nilimwambia hapana. Sijui kama aliniamini, na hilo sitamsamehe Kimotho.

Alifariki Agosti mwaka wa 2023. Tulimzika Matulo. Saa tano Kimotho akaingia na wanaume watano wenye kofia za jeshi, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba wanasiasa watakuja. Alishika kipaza sauti bila kupewa. "Marehemu tulihudumu pamoja," alisema, akapangusa macho makavu. "Alikuwa mpishi hodari sana. Chakula chake kambi nzima ilikuwa…"

"Mpishi?" Arafa, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alisimama katikati ya hema. "Rosaline? Bana, miaka arobaini tumekaa mlango kwa mlango, ugali wake hata mbwa wangu alikuwa anaukataa! Huyo alikuwa dereva. Keti chini."

Watu waliangua kicheko, msibani, mama yangu akiwa wa kwanza. Kimotho aliketi. Wanasiasa hawakutokea. Yeye na watu wake walikula, wakapiga picha kando ya jeneza, wakaondoka kabla ya udongo. Waliomfukia Kukhu ni madereva wa malori kutoka Kitale.

Mwezi uliofuata tuliambiwa picha ya Kukhu imebandikwa ofisini kwa Kimotho, na chini yake maneno: Shujaa wetu. Mama alikwenda siku hiyo hiyo, akapanda kiti, akaibandua.

"Hiyo ni mali ya chama," Kimotho alimwambia.

"Nionyeshe jina lake kwenye kitabu chenu," mama alisema.

Kitabu hakikufunguliwa. Mama alishuka, akarudisha kiti mahali pake, akaja nyumbani na picha.