Fundi wa Ukunda na Prosesa Isiyo na Kofia

Saa tatu na robo asubuhi, Ukunda. Mbodze Dzombo ameegemeza viwiko mezani na kubana pumzi. Mikononi ana bamba la alumini lenye mbavu nyembamba, la kupozea kompyuta. Chini yake, katikati ya ubao wa kijani, kuna kijipande cheusi kinachong'aa kama kioo, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Hiyo ndiyo prosesa, ubongo wa kompyuta, na leo haina kifuniko.

"Bamba likiilalia upande mmoja tu, inameguka," anasema bila kuinua macho. "Na ikimeguka, basi tena."

Mwenye kompyuta, Kahaso Mwinga, mshonaji wa Mwabungo, ameketi kwenye benchi la mlangoni, mkoba mapajani. Kompyuta hii ndiyo inayoongoza cherehani yake ya kutarizi. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na katika beji mia moja na ishirini alizoagizwa, amemaliza thelathini na moja. Leo ni Alhamisi.

Wiki iliyopita kompyuta ilianza kuzima kila baada ya dakika kumi. Fundi mmoja mpita njia akamwambia krimu ya kupitisha joto imekauka chini ya kofia, yaani lile bati dogo linaloifunika prosesa. Akaling'oa kwa wembe, likapinda, na tangu hapo simu yake haipatikani. Kahaso akafika Ukunda jana, bati amelifunga kwenye leso.

"Shikamoo, mama," Mbodze alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa aliyepasuliwa akaachwa mezani."

Mbodze, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, hakuisomea kazi hii. Kwao ni Kinango, ambako wazazi wake wanafuga mbuzi. Alishuka pwani akapata kibarua cha kusafisha vyumba katika hoteli moja ya Galu, na wageni walipopungua akaachishwa. Enos, aliyekuwa fundi wa mitambo hotelini humo, alikuwa amefungua kibanda Ukunda. Mbodze akamfuata, akaomba awe anafagia ili apate kutazama.

"Hakufagia sana," anasema Enos, aliyetoka Kisumu miaka kumi iliyopita. "Wiki ya pili nilimwambia, wewe shika bisibisi, ufagio niachie. Huyu ako na mkono poa."

Mwezi ukiwa mzuri, Mbodze hubaki na shilingi elfu ishirini na nane. Masika yakiingia na wateja wakiadimika, hata elfu kumi na moja huzitafuta. Humo humo mna kodi ya nyumba na karo ya bintiye.

Mkono huo nao umewahi kumponza. Kompyuta za mapajani huwa na prosesa zisizo na kofia tangu kiwandani. Miaka mitatu iliyopita, akifunga bamba kwenye kompyuta ya mwanafunzi wa chuo, aliikaza skrubu moja mpaka mwisho kabla ya kuzigusa nyingine.

"Nilisikia kama mtu ametafuna punje ya mchele mbichi," anakumbuka. "Nikampa yule kijana kompyuta yangu mwenyewe. Nililia, lakini tangu siku hiyo sijaikaza skrubu kwa haraka."

Kazi ya leo ina ugumu mwingine. Bamba hili lilitengenezwa likalie kofia. Kofia ikiondoka, linaning'inia juu bila kuigusa prosesa. Kwa hiyo tangu jana Mbodze amekuwa akizipunguza kwa tupa zile nguzo nne fupi zinazolishikilia. Kisha akakata vipande vinne vya mpira wa tyubu ya baiskeli, akavibandika kwenye pembe, ili bamba litue kwanza kwenye mpira ndipo liiguse prosesa.

Anapaka krimu kidogo, analishusha bamba, analiinua tena. Krimu imeacha alama nusu tu.

"Tumefika?" anauliza Kahaso.

"Bado, mama. Kuna nguzo moja imezidi wenzake. Unywele tu."

Anasugua, anapima, anajaribu tena. Safari hii alama imeenea kote. Anafuta, anapaka krimu mpya, anashusha bamba. Skrubu anazikaza kwa kupishanisha pembe, kila moja nusu mzunguko, kama mtu anayefunga gurudumu la gari. Enos ameizima drili yake ili meza isitikisike.

Kompyuta inawashwa. Feni inavuma. Dakika kumi zinapita, kisha ishirini. Inapotimu dakika ya arubaini, kioo kinaonyesha nyuzi joto hamsini na nane. Jana ilikuwa ikizima karibu na mia.

Kahaso anashusha pumzi, anasimama. "Basi nifungie, mwanangu. Nina beji themanini na tisa zinaningoja."

Beji ya mwisho aliitarizi Jumapili alasiri, na Jumatatu watoto wakaingia darasani nazo vifuani.

Mwezi ujao Mbodze anaanza darasa la Jumamosi kwa wanawake wa Mwabungo na Gazi wanaotumia kompyuta kazini. Enos amekubali kumwachia kibanda siku hiyo. Sita wamekwisha jiandikisha, na wa kwanza ni Kahaso, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja.

"Sitaki wawe mafundi wote," anasema Mbodze. "Nataka mtu akija na wembe mkononi, wajue kumwuliza anakata nini."