Dumu la Ulanzi Melini

Chekeni mapema tumalize. Mimi Fidelisi mnayeniona hapa na mvi zangu ndiye niliyewahi kumwogesha baba mkwe kwa pombe mchana kweupe, mbele ya meli nzima, naye ni mzee wa kanisa ambaye tangu azaliwe hajaonja hata togwa iliyolala, na yote hayo kwa sababu sikutaka kutoa ada ambayo haikufika bei ya bia mbili. Basi. Nimeshasema. Sasa sogezeni viti niwaeleze ilivyokuwa, maana habari hii mmeisikia kwa watu wengine na wameitia chumvi (ile ya kwamba meli ilizama ni uongo, haikuzama, iliinama kidogo tu).

Ilikuwa miaka ya sabini, mimi ni karani wa ghala la mahindi Iringa mjini, navaa suruali ya bugaluu inayofagia barabara, na nimempenda Tusekile, mwalimu wa shule ya msingi, Mnyakyusa wa Kyela. Baba yake, Mzee Ambilikile, hakuwa na kinyongo nami, ila mama yake alikwisha fariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mjomba, kaka wa marehemu, aliyekuwa mvuvi huko Manda, mwambao wa Ziwa Nyasa. Sasa mjomba huyo ujanani alichuma chai Mufindi, akauonja ulanzi wetu, akarudi kwao lakini ulimi ukabaki kule. Akatuma neno kwa mdomo wa mtu: “Sitaki mbuzi, sitaki shuka. Kijana aje na ulanzi wa kwao. Akija bila ulanzi, asishuke melini.”

Ulanzi, kwa asiyeujua, ni maji yanayotoka kwenye mwanzi ukikatwa wakati wa masika. Asubuhi ni matamu, watoto wanakunywa, jioni yamechacha, na keshokutwa yake yanamlaza mtu mzima mtaroni. Na kitu kinachochacha kinapumua. Kwetu Igowole, hukohuko Mufindi, hata mtoto anayetambaa anajua kwamba ulanzi hauzibwi, unawekewa majani mdomoni basi, upumue. Nami nilijua, jamani, tena vizuri, na hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Niliuchukua Igowole ukiwa kwenye kibuyu, lakini tulipolala Mwanjelwa, Mbeya, nikaona haya (karani mzima, bugaluu, halafu kibuyu begani!), nikanunua dumu jipya la plastiki, jekundu, lenye kifuniko cha kuzungusha, nikaumiminia humo na kifuniko nikakiacha kimelegea. Nilikuwa na mshenga wangu, Alfonsi, rafiki yangu wa tangu shule, mtu wa maneno mengi, hodari wa kuombea wenzake wachumba, ila maji mapana kuliko mto Ruaha Mdogo alikuwa hajawahi kuyaona. Tukateremka milima hadi Kyela, tukamkuta Mzee Ambilikile bandarini amesimama wima, koti jeusi la kanisani, kofia nyeusi, Biblia kwapani. Kwetu nilifundwa kwamba mambo yakiwa hayajaisha humwambii mkwe neno moja kwa moja wala humgusi, neno linapita kwa mshenga. Kwa hiyo nikamsalimu kupitia kwa Alfonsi, naye akaitikia kupitia kwa Alfonsi, tukapanda melini.

Hatujakaa sawasawa akaja mtu wa baa. Koti jeupe, opena imening'inia shingoni kwa kamba. Akalitazama dumu langu, povu linatoka taratibu pembeni ya kifuniko.

“Hii pombe?”

“Zawadi,” nikasema.

“Zawadi inatoa povu? Sikiliza, ndugu yangu. Kinywaji cha nje kinaruhusiwa. Kikiwa kimefungwa, mzigo. Kikifunguliwa humu ndani, unalipia ada ya kizibo, maana sisi tunauza bia zetu, hatuwezi kushindana na mianzi ya kwenu. Na hilo dumu liko wazi.”

Nikamtazama Alfonsi. Alfonsi akamtazama Mzee Ambilikile. Mzee akasema, akiwa ameelekeza uso ziwani, “Alfonsi, mwambie mwenzako mimi sipendi kuisikia hiyo harufu. Mwambie pia kwamba binti yangu nitampa mtu anayejua kutunza senti.”

Basi ndugu zangu, pale mimi nikajiona mjanja kuliko watu wote waliowahi kukanyaga meli. Ada silipi, harufu haitoki, na mkwe ataona mkwewe mtarajiwa ni mtunzaji. Nikakamata kifuniko, nikakizungusha mpaka kikalia, nikakizungusha tena kwa leso ili mkono usiteleze, nikasimama nikapangusa viganja. “Imefungwa,” nikamwambia mtu wa baa. “Mzigo.” Akatabasamu, akaenda zake. Tabasamu lile sikulielewa wakati ule.

Meli ikang'oa nanga. Ziwa Nyasa likitulia ni zuri, siku ile halikutulia, na kabla Kyela haijapotea machoni Alfonsi alikwisha kuwa kijani. Akalala chali chini ya benchi la mbali, amekumbatia ndoo, anaomba Mungu amchukue. Mshenga wangu ndiyo hivyo, kafa ingawa anapumua.

Na joto. Ninyi mliozoea baridi ya Mufindi hamjui joto la ziwani. Watu walijaa, magunia ya mchele, matenga ya kuku, na mbele yetu kulikaa kwaya ya akina mama wa kanisa lao Mzee Ambilikile, wamevaa nguo nyeupe pe, wanaimba kwa sauti nne. Mzee akatafuta mahali pa kuegemea, akalivuta dumu langu kando yake, akaweka kofia yake juu ya kifuniko, akaweka kiwiko juu ya bega la dumu, akafumba macho.

Saa ya chakula ikapita, nikalitazama dumu. Likanitazama. Lilikuwa limenenepa. Ubavu uliokuwa bapa sasa ulikuwa mviringo, na kiwiko cha Mzee kilichokuwa kimelala chini, sasa kilikuwa kimepanda kidogo. Nikanyoosha mkono nikilegeze kifuniko, nikaona mtu wa baa kule kaunta ananitazama huku anachezea opena yake. Nikarudisha mkono. (Hapo ndipo ningelipa, yakaisha. Ninapoikumbuka hiyo nafasi hujipiga kofi la paja hata nikiwa peke yangu.) Nikajiambia, Manda si mbali.

Baadaye kiwiko cha mkwe kilikuwa kimefika usawa wa sikio. Amelala, mdomo wazi, mkono juu kama mwanafunzi anayejua jibu. Dumu limekuwa duara, linalia “kriii” chinichini. Sasa kulegeza kifuniko ni lazima niondoe kofia ya mkwe na kiwiko cha mkwe, na mkwe haguswi. Kumwambia siwezi. Nikamwendea Alfonsi, nikamtikisa. “Alfonsi, mwambie Mzee ainuke!” Akaniambia niwasalimie wazazi wake.

Nikarudi. Nikafikiri. Mwisho nikapata akili, au nilidhani ni akili: nikaigeukia nguzo ya chuma iliyokuwa kati yetu, nikaiambia kwa heshima zote:

“Ewe nguzo. Shikamoo. Huko kwetu Igowole ulanzi ukizibwa sana huwa hautulii. Nguzo, ungekuwa na mdomo ungemwomba mtu mzima aliye jirani yako ainue kiwiko chake, na kofia, kwa haraka.”

Mwanamama mmoja wa kwaya akakatisha wimbo, akanitazama mimi na nguzo. Mzee Ambilikile akafungua jicho moja. Akaligeukia benchi.

“Benchi,” akasema, “mwambie kijana apunguze sauti. Watu wamelala.” Akafumba jicho.

Sijui kama liliwaza lenyewe, lakini dumu lilisubiri amalize kusema. Mlio ule sina wa kuulinganisha. Kifuniko kilikwenda juu na kofia ya mkwe juu yake, vikapaa pamoja mpaka nikaacha kuviona, na nyuma yake ulanzi ukatoka kwa kishindo, mweupe, unafoka, ukampiga Mzee kifuani, ukampanda usoni, ukageuka ukaifuata kwaya, sauti ya kwanza mpaka ya nne, hakusalimika hata mmoja. Mtu akapiga kelele, “Bomba limepasuka! Tunazama!” Watu wote wakakimbilia upande mmoja, meli ikainama, matenga yakabingirika, kuku wakawa huru, na mimi katikati ya yote hayo nimelikumbatia dumu, najaribu kuliziba kwa tumbo langu. Bugaluu, jamani, ilishika ulanzi mpaka magotini.

Kapteni akashuka mwenyewe. Akakuta hakuna bomba lililopasuka, kuna karani. Watu walipojua kwamba ni ulanzi hofu ikaisha ghafla, vikombe vikatoka sijui wapi, kilichobaki dumuni wakakimaliza wakiwa wamesimama, wananipa pole huku wanakunywa. Ndipo mtu wa baa akaja kwa mwendo wa pole.

“Sasa umefunguliwa,” akasema. “Lipia.”

“Sikuufungua mimi!”

“Basi ni nani? Huyu baba mchungaji?”

Kapteni akasema utaratibu ni utaratibu, na kwa kuwa wamekunywa wengi, na sakafu itaoshwa, ada iongezwe. Nikalipa. Nilitoa nauli ya kurudi, nikatoa na senti za maandazi. Mzee Ambilikile alikuwa amekaa palepale, ndevu zinachuruzika, hakusema na mimi, hakusema na benchi.

Manda meli haifiki ufukweni, mnashushwa kwa mtumbwi. Mjomba alikuwa ameingia majini mpaka magotini kuja kutupokea, anacheka, mikono imenyooshwa, si kwetu, kwa dumu. Akalipokea. Akalipima kwa mkono mmoja. Akaligeuza kichwa chini, likadondosha tone moja. Uso wake ukafunga.

“Niliomba kitu kimoja,” akasema. “Huyu binti ndiye mabaki ya dada yangu hapa duniani. Mtu aliyeshindwa kufikisha dumu, mimi nimpe mtoto wa dada yangu amfikishe wapi?” Akanigeukia. “Mtumbwi huo bado upo, kijana. Rudi melini.”

Nilimwona Tusekile akiolewa na mtu mwingine, mwenye kibuyu. Alfonsi alifungua mdomo kuniombea, kikatoka kitu kingine. Ndipo nikamsikia Mzee Ambilikile anakohoa nyuma yangu.

“Shemeji,” akasema, “usimwonee kijana. Ulanzi aliuleta. Nimeumaliza mimi njiani.”

Mjomba akamsogelea, akainusa kola ya koti, akainusa ndevu, akarudi nyuma, halafu akacheka mpaka akakaa majini na nguo zake. “Shemeji! Miaka yote hii unanihubiria!” Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita mkwe, akasema pombe iliyomshinda mtu kama huyu ni pombe ya kweli, na msichana nimeshapewa. Nikataka kusema ukweli. Alfonsi akanikanyaga mguu, nami nikanyamaza, tena nikanyamaza kwa raha.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mjomba aliieneza habari ile pwani nzima ya ziwa, na wale akina mama walikuwa wameondoka na harufu nguoni, kwa hiyo ilipofika Kyela hakukosekana wa kuisadiki. Wazee wenzake wa kanisa wakamwita, wakamuuliza, akajibu kwamba hana la kusema. Wakamweka nje ya meza ya Bwana. Tusekile alikuja Iringa macho yamevimba. “Baba anakaa benchi la nyuma,” akaniambia, “pamoja na watoto. Nenda ukaseme, Fidelisi. Usipokwenda, ulanzi mwingine mpelekee mwanamke mwingine.”

Nikaenda. Jumapili, kanisa limejaa, mimi Mkatoliki wa watu nimesimama mbele kwao, naeleza kifuniko, naeleza ada, naeleza nguzo (ilibidi nieleze na nguzo, walisisitiza). Walicheka mpaka mchungaji akageukia ukutani. Mzee mmoja hakucheka, akauliza ni pombe gani inayojifungua yenyewe, na nani shahidi. Akasimama yule mwanamama wa kwaya. “Mimi,” akasema, “ilinimwagikia usoni, na aliyekuwa amelala ni huyu baba, hakunywa. Niliona haya kusema kwa kuwa nililamba mdomo.” Akaketi. “Ilikuwa tamu,” akaongeza, na hapo ibada ikawa imekwisha.

Nje nilimkuta Mzee Ambilikile amesimama kivulini peke yake, kichwa wazi. Nikatazama kulia na kushoto kumtafuta Alfonsi. Hakuwapo.

“Fidelisi,” akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitaja jina.

“Naam, baba.”

“Ada yenyewe, ile ya mwanzo, ilikuwa kiasi gani?”

Nikamtajia. Machozi yakanilenga, maana sasa ndipo nilipoelewa kwamba hata yeye alikuwa hajajua, alibeba vile vyote bila kujua ni vya bei gani.

“Mwanangu,” akasema, “siku nyingine lipa.”

Nalipa, jamani. Nalipa kabla sijaulizwa, na risiti siiombi.