Kisanduku cha Gaspari na Ng'ombe wa Raheli

Gaspari, fundi redio wa kijiji chetu karibu na Iguguno, alikuwa mbishi kama punda. Tulipohamishiwa kijijini mwaka 1974, wenzake walibeba milango na vitanda; yeye alibeba redio mbovu kumi na moja. Alikuwa amesoma katika kitabu cha wauguzi wa misheni kwamba ubongo ni nyuzi nyingi, na uzi unaotumiwa mara kwa mara hupata nguvu. Basi akaamua kuunda ubongo.

Kilikuwa kisanduku cha mbao chenye swichi sita na balbu moja. Kila swichi ilisimamia alama ya sikio la ng'ombe: mkato wa juu, mkato wa chini, tundu, kwa kila sikio. Unabonyeza alama unazoziona; balbu ikiwaka, ng'ombe ni wa Damiani, jirani yake mwenye zizi kubwa. Kikikosea, Gaspari anazungusha kidogo vile vizungusho vya sauti alivyovitoa redioni, mpaka kijifunze.

Raheli, mjane, alikataa ng'ombe wake kuguswa.

"Ng'ombe hawahesabiwi mbele za watu, baba. Utaniitia mkosi."

Gaspari akamwacha, kwa heshima, na kwa uvivu pia, tusidanganyane.

Siku moja Damiani na Raheli wakagombea mtamba mwekundu. Wote hukata sikio la kushoto. Raheli huongeza tundu; la mtamba huyu Damiani alidai limetobolewa na mwiba.

"Kisanduku kiamue," akasema Mwenyekiti wa kijiji. "Kikiweza, Gaspari, kesho barua hii ya kukuombea nafasi inakwenda Singida mjini, ukasomee ufundi."

Gaspari akabonyeza. Balbu ikawaka. Damiani akapiga makofi.

"Huyu ndiye mtamba aliyeniachia marehemu mume wangu," akasema Raheli, akimtazama Gaspari tu.

Kisanduku hakikuwahi kuonyeshwa hata ng'ombe mmoja wa Raheli; kilijua masikio ya zizi la Damiani tu, na tundu hakikujua maana yake. Gaspari akinyamaza, anakwenda kusoma, na mjane anapoteza mtamba.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "naomba aletwe Sabuni."

Sabuni alikuwa ng'ombe mzee wa Raheli. Nani asingemjua? Mwaka uliopita alimaliza mtama wa Mwenyekiti mwenyewe. Gaspari akasoma masikio yake, akabonyeza. Balbu ikawaka.

"Damiani, na Sabuni pia ni wako?"

Watu wakacheka. Damiani akaiachia kamba ya mtamba.

"Kosa ni langu," Gaspari akasema. "Nimekifundisha zizi moja, nikajisifu kinajua kijiji kizima."

Mtamba akarudi kwa Raheli. Mwenyekiti akaikunja barua, akaitia mfukoni, na hatukuisikia tena. Siku hiyo Gaspari hakula. Roho ilimuuma, na mimi nilimhurumia.

Asubuhi Raheli alikuwa mlangoni pake na ng'ombe wake wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kilete hicho kisanduku."

Akashika sikio la mtamba mwekundu, akavuta pumzi, akaanza kuhesabu kwa sauti, majirani wote wakisikia.

"Mmoja."