Mapacha Niliowazaa kwa Simu

Pale soko la Busia kuna mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye kila nikipita hunisalimia, "Salongo, na yule mwingine hajambo?" na mimi hujibu, "Hajambo kabisa, mama," halafu natembea haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Salongo ni baba wa mapacha, kwa lugha ya majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka. Mimi nina mtoto mmoja. Nimekanusha, nimeeleza, nimechoka, na nimegundua kwamba aibu ukiikimbia inakufuata mpaka nyumbani, kwa hivyo siku hizi naisalimia tu njiani na kila mtu anaenda zake. Leo nitawaeleza yote, lakini mkicheka chekeni polepole, mke wangu yuko chumba cha pili.

Nina studio ndogo ya picha hapa mjini, si mbali na pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka. Napiga pasipoti, napiga harusi, natengeneza mabango ya matanga. Lakini sifa yangu kubwa (nilikuwa nayo, nasema) ni kusafisha picha zenye ukungu. Watu walikuwa wanatoka Bumala, wanatoka Angurai, wanatoka Malaba kabisa, wameshika picha ya babu iliyopigwa na simu mbovu, babu mwenyewe amegeuka nusu, mpiga picha alikuwa anacheka, na mimi naiingiza kwenye app yangu, nabonyeza hapa, navuta pale, babu anatoka na nyusi zake zote. Ubaoni nilikuwa nimeandika: PICHA YAKO INA UKUNGU? SISI NDIO JUA.

Na si kwamba sikujua kazi. Ukungu wa picha si wa aina moja. Kuna ule wa kamera kukosa kulenga, ambapo kila kitu kinalainika kama ugali uliozidi maji, na kuna ule wa mkono kutikisika, ambapo kila ukingo unajirudia, pua inapata kivuli cha pua, sikio linapata sikio la pembeni. Huu wa pili unautambua kwa kuangalia kitu ambacho unajua ni kimoja. Kikionekana viwili, mkono wako ulicheza. Haya nilikuwa nayafundisha wengine, ndiyo maana aibu yangu haina dawa.

Sasa kuna mama mkwe wangu, Mama Emily, wa kule Busibwabo. Kwetu mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Hatushikani mikono, hali chakula nyumbani kwangu, akija anakaa karibu na mlango, na tukikutana njiani kila mmoja anaanza kupenda sana kuangalia majani ya upande wake. Lakini maneno yake yalikuwa yananifikia kupitia kwa binti yake: "Huyo mume wako kazi yake ni kudanganya na sura za watu." (Alikuwa na sababu. Shangazi yake alipofariki nilitengeneza bango, nikamtoa makunyanzi yote kwa mapenzi mema, na Mama Emily akasimama mbele ya jeneza akauliza mbona tunazika msichana.) Niliumia, sitaficha. Nilitaka siku moja tu yule mama aseme kitu kizuri juu ya kazi yangu.

Basi Emily, mke wangu, akapata ujauzito, mimba yetu ya kwanza, na siku moja akaja studio akitoka kliniki, jasho linamtoka, ameshika kile kipicha cheusi cha skani ndani ya karatasi ya nailoni.

"Daktari amesema mtoto yuko sawa," akaniambia. "Ripoti imebaki kwa faili. Wewe piga hii tu tuweke kwa simu, hizi karatasi hufutika."

Nikasimama mlangoni penye mwanga, nikainua simu, na wakati ule ule lori likapiga honi nyuma yangu, ile honi ya kuamsha marehemu. Mkono ukaruka. Nikaangalia picha, imetikisika. Hapa ndipo palipokuwa na njia panda, ndugu zangu. Karatasi ilikuwa mkononi, mwanga ulikuwepo, mke alikuwepo, kupiga tena ni kuinua kidole. Lakini mimi jua la Busia nipige picha mara ya pili kama mwanafunzi? Nikasema, si app ipo.

Nikakata kwanza zile pembe zenye maandishi, maana zilikuwa zinaharibu urembo. Nikabonyeza kusafisha. Mtoto akaanza kutokea, na pembeni yake kivuli. Nikabonyeza tena, kivuli kikapata ukingo. Nikabonyeza tena, kivuli kikapata paji la uso. Hizi app zimelishwa sura za watu tangu zizaliwe, zikiona mviringo wowote zinatafuta pa kuweka pua. Nikabonyeza mara ya mwisho, na tazama, watoto wawili wamelala ubavu kwa ubavu, na yule wa pili anafanana na mimi.

"Emily! Ni mapacha!"

Emily akaangalia simu, akaangalia tumbo, akaangalia simu. "Lakini daktari alisema mtoto. Hakusema watoto."

"Hawa watu wa kliniki wana foleni," nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesomea. "Aliona wa mbele. Huyu mwingine alikuwa kwa ukungu."

Emily akasema tungoje, akasema turudi kliniki kwanza. Sasa mimi na kungoja ni wapi na wapi? Alipotoka tu kununua maji nikaituma ile picha kwenye kikundi cha familia, ambamo Busibwabo yote imo, na chini nikaandika: Mungu ametujalia maradufu.

Kabla maji hayajafika, ujumbe wa sauti wa Mama Emily ukaingia. Yeye ambaye hajawahi kunijibu chochote pale, hata Krismasi. Kwanza vigelegele, virefu, halafu akasema: "Mkwe wangu. Kumbe hiyo mashine yako inaonanga mbali. Mungu akubariki mwanangu." Nilienda nyuma ya pazia la studio, pale watu hubadilishia mashati, nikausikiliza tena na tena, na nililia kidogo. Nawaambia ukweli. Nililia.

Lazima mjue kwamba kwetu mapacha hawapokelewi kimya. Wakizaliwa, wakwe huja na ngoma na nyimbo za matusi, na siku hiyo ile heshima ya mbali huwekwa kando, mama mkwe anamtukana mkwe, mkwe anavumilia, kila mtu anacheka, na mapacha wanaridhika. Bila mapacha, matusi kama hayo ni mwiko mzito. Kawaida hungojwa wazaliwe, lakini Mama Emily akasema mapacha ni watu wa hasira, wakijua wametangazwa na hawajasalimiwa wataanza ugomvi humo humo ndani, na ni mimi niliyewatangaza. Kwa hivyo atakuja kuwasalimia kidogo.

Kidogo! Alikuja siku ya soko. Studio ilikuwa imejaa, kwaya ya kanisa fulani wamevaa sare wanangoja picha ya pamoja, na mchungaji wao amekaa kwenye kiti changu, kidevu juu, anapigwa ya pasipoti. Nikasikia debe linapigwa barabarani. Nikafikiri ni watu wa kampeni. Pazia la mlango likafunguka, na Mama Emily akaingia, yule yule ambaye hukaa karibu na mlango, amejifunga majani ya kutambaa shingoni, ungo mkononi, kiuno kinazunguka, nyuma yake akina mama wa Busibwabo kikosi kizima. Akaninyooshea kidole, akaanza:

"Mkwe wetu miguu ya kuku,
mkwe wetu matako yako wapi?
Wawili hawa umewatoa wapi,
na hiyo suruali yako tupu?"

Huo ndio ubeti wa heshima. Beti zilizofuata zilitaja sehemu zangu moja moja kwa majina, na kueleza kasoro zake, na wale wengine wakawa wanaitikia kama wamezikagua. Mchungaji akashusha kidevu. "Ndugu," akaniambia polepole, "mimi naweza kurudi kesho." Kwaya haikutaka kurudi kesho, sauti ya tatu ilikuwa imeshaanza kuitikia.

Nalubega, jirani yangu anayeuza vitenge, mtu wa ng'ambo, akaja mbio na mita yake ya kupimia shingoni. "Salongo! Webale nnyo, ssebo, asante sana bwana! Kumbe wewe ni mwanaume!" Bodaboda wakazima pikipiki. Simu zikainuliwa pande zote, na zile video walizochukua, jamani, hazikuwa na ukungu hata kidogo.

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nacheza. Nilifurahi mpaka mwisho. Nilitikisa ile miguu ya kuku mbele ya kwaya.

Halafu Mama Emily akasema hawarudi Busibwabo mpaka wasikie mioyo yote miwili kwa masikio. Emily, ambaye alikuwa amekaa kwenye stuli muda wote huo amejishika shavu, akasimama akasema, "Hata mimi nataka kusikia." Tukaenda kliniki kwa maandamano, debe mbele, mimi katikati kama bwana harusi.

Nesi aliwazuia wote mlangoni, tukaingia watatu, Emily, mama yake na mimi. Daktari wa skani alikuwa dada mmoja mpole anaitwa Nafula. Akapaka yale mafuta, akapitisha mashine, akapitisha tena. Akasikiliza. Sisi tukasikia moyo unakimbia, mzuri, wenye haraka.

"Na ule mwingine?" Mama Emily akauliza.

"Upi, mama?"

"Wa yule mwingine."

Nafula akapitisha upande huu, akapitisha upande ule, akageuza skrini tuone. "Mama, hapa mtoto ni mmoja. Hata ile siku nilimwambia Emily. Nani amesema ni wawili?"

Emily alinionyesha kwa kidevu.

Nikatoa simu kwa ujasiri wa mtu anayezama, nikamwonyesha kazi yangu. Nafula akaitazama, akaniuliza kama ile ya kwanza, kabla sijaisafisha, bado ninayo. Ninayo. Nikaifungua, ile yenyewe, na pembe zake zote. Akakuza pembe ya juu kwa vidole viwili, pale mashine huandika jina la mgonjwa. Paliandikwa Emily, na pembeni ya Emily, kwa kivuli chepesi, Emily mwingine.

Mama Emily akainama, akavaa miwani yake, akasoma. Nje debe lilikuwa bado linalia, walikuwa wamefika ubeti wa suruali.

"Mkwe," akasema, "hata jina la binti yangu umelizalisha mapacha."

Ningeweza kucheka nanyi hapa, lakini yeye hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa polepole, akavua yale majani shingoni, akayashika mapajani. "Nimemtukana mkwe wangu," akasema, hakuwa ananiambia mimi. "Mchana, sokoni, mbele ya mchungaji. Na mapacha hakuna." Akafunika uso na leso. Nilikuwa najua kuona haya kwa ajili yangu, nimezoea, lakini kumwona yule mama, ambaye maisha yake yote ameniheshimu hata bila kunipenda, amevuliwa heshima yake na mimi kwa sababu nilikuwa mvivu wa kupiga picha tena, kulinichoma. Nikapiga magoti pale sakafuni, mbali kidogo, kama inavyotakiwa.

"Mama, kosa ni langu. Wewe uliimba kwa haki. Mimi ndiye nilikupa mapacha wa uongo."

Leso haikusogea. Nje wakaitikia. Halafu nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua nimemliza, nikatafuta ardhi ipasuke. Emily ndiye aliyeinuka akamshika, akachungulia chini ya leso, akasema, "Lakini mama anacheka!"

Alikuwa anacheka mpaka machozi. Alipoweza kusema, alisema bila kuniangalia, akitazama ukuta kwa heshima zake zote: "Wimbo ukitoka kinywani haurudi. Hizi nyimbo nimeimbia mapacha. Kwa hivyo mapacha mtaleta. Si lazima leo." Akajifunga majani yake upya, akatoka nje, nikamsikia akitangaza: "Ni mmoja! Mwingine anakuja nyuma!" Debe likaanza upya.

Binti yetu alipozaliwa, bibi yake alimpakata, akamwangalia sana, akamshukuru Mungu, kisha akainua blanketi la kitanda akachungulia chini yake. Ya mjini mnayajua, bado naitwa Salongo. Ule ubao wa jua niliufuta. Siku hizi mtu akiniletea picha yenye ukungu namwambia kwanza akaipige tena, na ya babu aliyefariki nasafisha kidogo tu, pale isipoonekana namwachia babu siri yake. Na picha ya tumbo la mtu sishiki, hata uje na chifu.

Sasa Emily ni mjamzito tena. Juzi alienda skani peke yake, simu yangu akaiacha kwenye droo amefunga, akarudi anatabasamu, na kile kipicha amekificha mahali nisipopajua. Nimemuuliza kwa upole, akaniambia, "Wewe si unaonanga mbali?" Jana nilimsikia akiongea na mama yake, wakicheka kwa muda mrefu, na nikamsikia Emily akimuuliza kama lile debe bado liko Busibwabo au limetoboka. Siulizi tena. Nimeapa. Lakini nimeanza kufanya mazoezi ya miguu.