Jiwe la Mwaloni
Tangu nihitimu jiolojia, kila Jumamosi hutembea ufukweni Ujiji nikitafuta miamba ya ajabu, naipiga picha na kuiandika daftarini. Siku moja, karibu na mwalo wa wavuvi, niliona jiwe jekundu lenye utando mweupe. Sisi tuliosomea mawe, chumvi tunaipima kwa ulimi. Nikalilamba, nikaandika. Harufu ya dagaa ilifunika kila kitu.

Mama aliyekuwa akianika dagaa hao alinikodolea macho.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mwanangu, hapo ndipo wavuvi wanapokojoa.”

Washenzi! Ziwa zima lile, wakachagua jiwe langu. Nilitapika mpaka nyongo.

Daftari ninalo mpaka leo, na mwandiko ni wangu: “Ladha: chumvi safi kabisa.”